Kesho ya Mhariri, Kesho ya Kiyama

Jina la Sumbawanga ni amri. Wenyeji hulieleza hivi: sumba ni tupa, wanga ni uchawi, mgeni anayeingia mjini auache njiani alioubeba. Amri yenyewe iko wazi na anayeamriwa anajulikana. Kitu kimoja tu hakikusemwa: lini. Kabla jua halijazama? Kabla ya mwisho wa mwezi? Jina halisemi, na pengine ndiyo sababu mji umekua nalo hadi leo bila mtu kusimama hadharani na kutangaza kwamba kazi imekwisha.

Tuseme basi kwamba kule Kaengesa, kwenye uwanda uleule wa Ufipa, yuko mwandishi wa kujitegemea. Alisoma seminari ya hapohapo, akatoka bila kuwa padre, akabaki na Kiswahili safi na kompyuta mpakato yenye betri iliyochoka. Asubuhi moja ya Februari, mvua ikipiga bati, anapokea ujumbe wa mhariri kutoka Dar es Salaam: inatakiwa makala ndefu kuhusu kilimo cha wazee wa Ufipa. Anauliza, lini? Jibu linakuja kwa ukarimu wote: "Wewe andika tu kaka. Ukiwa tayari, tuma." Mwandishi anashukuru. Jioni anamwambia mkewe kwamba safari hii hakuna presha, na mke, anayekumbuka deni la dukani, anauliza swali ambalo mumewe hakumuuliza mhariri: "Na wao, baba watoto, watalipa wakiwa tayari?"

Aprili inafika. Makala haijaandikwa, na mtu huyo ameanza kuiogopa simu yake mwenyewe.

Ni rahisi kumwita mvivu. Lakini mvivu hupata usingizi, huyu hapati. Ameandika sentensi ya kwanza mara kumi na nne, amesoma kuliko inavyohitajika, amekataa kazi mbili ndogo kwa kuwa "ana kazi kubwa mkononi". Hakuna siku aliyochelewa, kwa sababu hakuna iliyowekwa. Na kwa sababu hiyohiyo hakuna siku aliyowahi. Kila asubuhi anaamka na hatia ambayo hakuna hakimu aliyemsomea shitaka lake. Hapo ndipo jambo dogo la kazi linapogeuka kuwa swali la wanateolojia: mtu aishije na siku ya mwisho asiyoijua?

Kiswahili kimeliweka swali hilo mahali pa wazi kabisa. Tangazo la ajira kwenye ubao wa halmashauri huandika siku ya mwisho ya kupokea maombi. Jumapili, kanisani, padre anahubiri juu ya siku ya mwisho, na hakuna mwamini anayedhani anatangaza nafasi za kazi. Maneno ni yaleyale matatu. Watu wa magazeti wana neno jingine, makataa, ambalo ukilitamka tu unasikia kisu. Kiarabu nacho kiliikopesha pwani neno ajali, ambalo asili yake ni muda uliowekwa, kikomo ambacho deni au uhai hauvuki. Wazee walilitumia kwa saa ya kufa aliyoandikiwa mtu; kidogo kidogo likahamia barabarani, likawa basi lililopinduka. Kitu ambacho mwanzoni hakikuwa na chembe ya bahati ndani yake leo ndilo jina la bahati mbaya. Kiingereza hakina upole zaidi: neno lao la kazi hii maana yake ni mstari wa kifo, na katika kambi ya wafungwa wa vita ya Andersonville, Georgia, mwaka 1864, Wamarekani wakipigana wao kwa wao, ulikuwa mstari kweli. Mfungwa aliyeuvuka alipigwa risasi.

Na kesho? Katika mawaidha ya Kiislamu, kesho mara nyingi ni akhera. Shehe akisema utajibu nini kesho mbele ya Mola wako, hazungumzii Jumanne. Mhariri anayesema "nitakupigia kesho" huenda anatumia kamusi hiyohiyo.

Wakristo wa Thesalonike walikumbwa na tatizo hili kundi zima. Karibu mwaka 50, Paulo aliwafundisha kwamba Bwana atarudi, bila kuwapa tarehe. Barua mbili zilizobaki zinaonyesha kilichofuata. Wapo waliohangaika kuhusu ndugu waliokufa kabla ya siku hiyo kufika. Wapo walioacha kazi, wakawa watu wa kuzunguka na kujishughulisha na mambo ya wengine, na hao barua ya pili inawajibu kama mama wa nyumbani kuliko kama mwanateolojia: asiyetaka kufanya kazi asingoje sahani. Paulo alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwa mujibu wa Matendo ya Mitume alikuwa fundi wa mahema, na alijivunia kwamba hakumlemea mtu. Barua zake nyingi ni za mtu aliyejilisha kwa mkono wake mwenyewe, akiandika katikati ya safari na kazi nyingine, na jambo hilo litahitajika tena mbele kidogo.

Mfano maarufu zaidi uko katika Injili ya Mathayo, sura ya 25: wanawali kumi wanamngoja bwana arusi, watano wenye busara na watano wapumbavu. Mara nyingi husimuliwa kana kwamba wenye busara walikesha na wapumbavu wakalala. Sivyo. Bwana arusi alipokawia, wote kumi walisinzia wakalala. Tofauti ilikuwa kwenye vyombo: watano walibeba mafuta ya akiba, watano hawakubeba. Simulizi haimlaumu mtu kwa kupitiwa na usingizi akingoja. Inamlaumu kwa kuamka na taa tupu. Kwa mwandishi wa Kaengesa tofauti hii si ndogo. Kosa lake si zile wiki ambazo hakuandika. Kosa ni kwamba Februari na Machi, majembe yakiwa yanainuka na kushuka mbele ya dirisha lake, hakutoka kwenda kuuliza. Hakupiga picha, hakuandika kila udongo unaitwaje. Mhariri akipiga ghafla Aprili, hana hata tone.

Aliyepitia seminari anaijua raha ya kinyume. Seminari ya Kaengesa ni shule ya Jimbo Katoliki la Sumbawanga, na kama ilivyo katika seminari ndogo nyingi nchini, siku hukatwa kwa kengele: kuamka, sala, misa, darasa, kazi za mikono, prepo, kulala. Mzigo wa kuamua kwamba "sasa basi" haumo mabegani mwa kijana. Insha imefika katikati, kengele imelia, kalamu inawekwa. Mila hii ni ya kale kuliko Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, waliotua Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885 na ambao kazi yao ndiyo iliyopanda hadi uwandani. Mwanzoni mwa karne ya 5, Yohane Kasiano aliandika jinsi wamonaki wa jangwa la Misri walivyoitikia hodi ya sala: aliyekuwa akinakili kitabu aliiacha herufi aliyoianza ikiwa nusu, hakuthubutu hata kuimalizia. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, karne moja baadaye, inadai jambo hilohilo kwa kazi yoyote iliyo mkononi.

Herufi nusu. Ajabu ni kwamba Kasiano hasemi lolote kuhusu kitabu hicho kumalizika lini. Haionekani kama aliyekuwa akikinakili alitakiwa akimalize kabla ya Pasaka. Alichokuwa nacho ni mahali pa kusimama. Kazi isiyo na kikomo ilivumilika kwa sababu siku ilikuwa nacho. Mwandishi wa kujitegemea amepewa vitu hivyo viwili kwa mpangilio mbaya kuliko wote: kazi yake haina mwisho, na siku yake haina kengele. Saa tano usiku bado "yuko kazini", yaani amekaa mbele ya skrini akisoma nani anasajiliwa Simba na nani anaachwa Yanga.

Katika Afrika Mashariki aliyelikabili suala la wakati kwa ujasiri wa pekee ni John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Kitui, Kenya, aliyefariki mwaka 2019. Tasnifu aliyoifanya Cambridge na kuikamilisha mwaka 1963 ilihusu siku za mwisho: Wakamba waliupokeaje ujumbe wa wamisionari kwamba Kristo atarudi? Mbiti alivichunguza vitenzi vya Kikamba akadai kwamba wakati ujao humo hauvuki miaka miwili hivi. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya istilahi zinazojadiliwa hadi leo katika vyuo vya dunia. Wakati, alisema, kwa Mwafrika wa jadi ni matukio. Kisichotokea bado hakijawa wakati. Binadamu si mtumwa wake, bali ndiye anayeuzalisha. Yule ambaye mgeni anamwona amekaa tu, hapotezi muda. Anaungoja, au yumo katika kuutengeneza.

Alipingwa, na kwa haki. Kwame Gyekye wa Ghana alionyesha mwaka 1987 kwamba lugha ya Kiakan ina maneno ya wakati ujao wa mbali sana. Msemaji wa Kiswahili hahitaji hata kufika Ghana: baada ya kesho kuna kesho kutwa, baada yake mtondo, na baada yake mtondogoo, maneno ambayo vijana wa mjini wameyasahau lakini kamusi haijayafuta. Hata hivyo sehemu moja ya dai la Mbiti inamgusa mwenye makala ya "ukiwa tayari". Anaambiwa aishi katika wakati ambao makala yenyewe ndiyo itakayouzaa. Isingedhuru, kama vitu vingine vya maisha yake vingekubali kuishi humo. Kodi ya nyumba haikubali. Bando la intaneti hukatika saa ileile lililoandikiwa, umelitumia hujalitumia. Ada ya mtoto ina tarehe.

Jibu, au walau nusu ya jibu, lilikuwa ndani ya mada aliyopewa kuiandika.

Uwanda wa Ufipa ni nchi ya majani kuliko miti. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, Wabemba walikata matawi, wakayarundika na kuyachoma ili ulezi uoteshwe kwenye majivu. Mfipa hakuwa na msitu wa kuchezea hivyo, akatumia alichonacho. Mvua zikiwa zimeshailainisha ardhi, mkulima huyapindua majani pamoja na udongo wake, huyalaza na kuyafunika hadi yawe matuta ya duara, yaliyosambaa shambani kama vichuguu. Hizo ndizo ntumba. Juu yake hupandwa maharage na mazao mengine mepesi. Chini, majani huoza. Baridi ya Juni na Julai hupita, kiangazi hupita, na mvua zinaporudi kuanzia Novemba ntumba huvunjwa, udongo uliorutubika husambazwa, ulezi humwagwa. Mtu anayefunika majani mwezi Machi kwa ajili ya uji utakaonywewa baada ya mavuno ya mwaka unaofuata hana upungufu wa wakati ujao, vitenzi vyake viseme viwezavyo.

Aliyekwisha kufungua mdomo kusifu subira apunguze mwendo. Ndani ya ntumba mna vipindi vya aina mbili zisizofanana. Kuoza hakuna tarehe. Hakuna awezaye kuyaamuru majani yaharakishe, na anayefukua kila wiki kutazama anaharibu. Lakini kutengeneza ntumba kuna msimu, na ukipita umepita, maana ardhi ikikauka jembe haliingii. Kuvunja nako kuna msimu, na mvua haitumi barua. Muda wazi unakaa katikati ya misimu hiyo miwili, umebanwa huku na huku, na hata humo haukuachwa mtupu: una maharage juu. Muda wazi ulioachwa peke yake, usio na mwanzo uliobanwa wala mwisho uliobanwa, ni majani yaliyokatwa yakatupwa juani. Hayaozi. Hukauka tu.

Kitabu cha Mhubiri, sura ya 11, kina mkulima wake anayetazama upepo na mawingu hadi hapandi wala havuni. Mkulima wa ntumba huyatazama mawingu pia, ila nusu ya kazi ameshaifanya kabla hayajakusanyika.

Hadi hapa lawama zote zimemwangukia mwandishi. Si haki, na mkewe aliliona hilo siku ya kwanza. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya sura ya Al-Baqara, haihusu sala wala saumu. Inahusu deni. Watu wakikopeshana hadi muda maalumu, waandike. Anayejua kuandika asikatae kuandika. Deni liwe dogo au kubwa, liandikwe pamoja na muda wake. Neno la Kiarabu lililotumika hapo kwa muda ni lilelile lililotupatia ajali. Ni jambo la kutafakarisha kwamba mahali ambapo kitabu hicho kinakaa kwa urefu kuliko popote ndani ya aya moja ni pale panapohusu nani anamdai nani na hadi lini.

Wanafikihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Waswahili, walikwenda mbali zaidi. Katika ijara, yaani mtu kukodiwa kwa ujira, lazima kitu kimoja kijulikane: ama muda, ama kazi yenyewe na mipaka yake. Lakini waliona zipo kazi zisizofungika namna hiyo. Mnyama amepotea, nani ajuaye atapatikana lini, na kwa kutembea mwendo gani? Kwa kazi kama hizo wakaruhusu mkataba mwingine, ju'ala, ambao ni ahadi ya malipo kwa atakayemrudisha. Muda haujulikani, jasho halipimiki, na malipo huja kazi ikikamilika, si kabla. Huwezi kupata maelezo bora ya makala ya "ukiwa tayari". Na kwa kuwa waliijua hatari ya kitu hicho, waliweka mizani. Mtafutaji akiacha njiani, hana chake. Lakini mwenye kuahidi akighairi baada ya mwenzake kuanza kazi, basi kwa kauli yenye nguvu katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, atamlipa kwa kiasi cha ujira unaolingana na kazi iliyokwisha kufanyika. Karne ya 13 ilikuwa imeshamfikiria mhariri anayebadili mawazo. Si kila chumba cha habari cha leo kimefika hapo.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, iliyofuata kwa karibu sheria ambayo Waingereza waliitunga India mwaka 1872, ina jibu lake: ahadi isiyo na muda itekelezwe ndani ya muda unaostahili, na unaostahili ni upi itategemea mazingira ya kila jambo. Ni busara, ila haimwamshi mtu Jumatatu asubuhi.

Watetezi wa muda wazi wana mifano yao, na ni mizito. Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu alifika Afrika Mashariki mwaka 1879. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939, miaka 60 baadaye, mwenyewe akiwa amevuka miaka 80. Hakuna mchapishaji wa leo ambaye angemvumilia, na hakuna mwanaleksikografia wa Kiswahili ambaye hashukuru kwamba alivumiliwa. Mwalimu Nyerere, baada ya kung'atuka urais mwaka 1985, alizigeuza Injili kuwa tenzi, kazi iliyochapwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Shaaban Robert aliingia idara ya forodha mwaka 1926 akabaki mtumishi wa serikali kwa miaka zaidi ya 30, akiandika pembeni ya kazi. Alifariki mwaka 1962, na vitabu vyake vingine vilitoka baada ya kifo, kimojawapo mwaka 1968 kikiitwa, kana kwamba kwa mzaha, Siku ya Watenzi Wote.

Ukiwaweka watatu hawa meza moja, unaona kitu ambacho wasifiaji wa subira hukiruka. Sacleux alikuwa na meza ya shirika lake. Nyerere alikuwa na pensheni. Shaaban alikuwa na mshahara, mwembamba, lakini wa kila mwezi. Muda wazi ni neema kwa mwenye uhakika wa ugali, na falsafa nyingi ya kungoja imeandikwa na watu ambao mtu mwingine alikuwa jikoni. Ndiyo maana Paulo wa mahema ana uzito kwa mwandishi wa Kaengesa kuliko Sacleux wa kamusi. Aliingoja siku kubwa kuliko zote, na bado alijua turubai la leo linatakiwa lini na nani analilipia.

Kinyume chake pia kipo. Fyodor Dostoevsky, shingo ikiwa kwenye madeni, alisaini kutoa riwaya mpya kabla ya tarehe 1 Novemba 1866. Akishindwa, mchapishaji angepata haki ya kuchapa kazi zake kwa miaka tisa bila kumlipa. Alimwajiri binti mjuzi wa hatimkato, akamsomea riwaya nzima kwa imla katika siku 26, na baadaye akamwoa. Si kila makataa huishia harusini.

Limebaki lile neno ambalo mhariri alilitumia bila kuwaza. Tayari. Kiswahili kinalitumia kwa aliyejiandaa, niko tayari, na kinalitumia kwa kilichokwisha kutokea, wamefika tayari. Lugha haikuona haja ya kuyatenga. Anayeambiwa aandike akiwa tayari anaweza kungoja ile maana ya kwanza, ile hali ya ndani ya kujisikia ameiva, miezi na miezi, kumbe inayopatikana kwa wengi ni ya pili tu: unagundua ulikuwa tayari baada ya kuwa umeshaandika. Hata mkubwa wa walimu wa seminari hakuifikia ile ya kwanza. Tomaso wa Akwino aliifanyia kazi Summa yake ya teolojia kwa miaka kadhaa, akaiacha Desemba 1273 bila kuimaliza, akakataa kuendelea ingawa alisihiwa, akafa Machi 1274. Tangu hapo vizazi vya mafrateri vimefanyia mitihani kitabu ambacho mwandishi wake hakukimaliza.

Novemba. Kwenye mashamba ya kuzunguka Kaengesa wingu la kwanza la maana limeshapita, na mwandishi wetu yuko nje na daftari la shule la mtoto wake, kurasa za mwisho, akiuliza maswali ambayo alipaswa kuyauliza Februari. Mzee mmoja anamcheka: alidhani mtu aliyesoma anajua ntumba. Jembe linashuka, tuta linapasuka, harufu ya udongo mbichi inapanda. Anaandika neno la Kifipa asilolijua, anamwomba mzee alirudie, analiandika tena. Siku tatu mfululizo anafanya hivyo, na siku tatu mfululizo kengele ya jioni ya seminari ikilia anafunga daftari, hata sentensi ikiwa imefika katikati, kama yule mmonaki wa Misri, ingawa yeye anakwenda kunywa chai badala ya kusali zaburi.

Siku ya nne anamtumia mhariri ujumbe: makala ataileta Ijumaa saa kumi jioni, je, malipo yatatoka lini? Anaweka simu dirishani, pale ambapo mtandao hushika vizuri. Jibu linakuja baada ya saa mbili, lenye ukarimu uleule wa Februari.

"Safi sana kaka. Hilo la malipo nakujibu kesho."

Anamwonyesha mkewe. Mke anafuta mikono kwenye kanga, anaisoma mara mbili, anamrudishia simu.

"Kesho ipi?"